Visiwa Vilivyojengwa kwa Mikono

Wapo wangali wakidhani kwamba watu wasioacha maandishi hawakuacha historia. Hao na watazame maziwa ya Uskoti na Ayalandi, ambamo vimo visiwa vidogo vidogo mamia kwa mamia vilivyojengwa na binadamu. Huitwa krannogi, jina litokanalo na neno la wenyeji lenye maana ya mti. Penye misitu, wajenzi walikita nguzo katika matope, wakatandaza sakafu juu yake na kuezeka nyumba ya duara. Penye miti haba, walirundika mawe mpaka yakatokeza juu ya maji.

Matope ya chini ya ziwa ni baridi, wala hayana hewa, na kisichopata hewa hakiozi upesi. Wapiga mbizi walioanza kuchimba Oakbank, katika ziwa la Loch Tay, mwaka 1980, walikuta mabaki ya makao yenye umri wa miaka ipatayo 2,500: nguzo, jembe la mti la kukokotwa, kipande cha nguo, na chombo cha mti chenye mabaki ya siagi. Kwetu sisi chombo hicho ni hati kamili. Chatwambia kwamba watu wale walifuga, wakakama, wakasukasuka maziwa. Na jembe lashuhudia kuwa mashamba yao yalikuwa nchi kavu.

Kwa muda mrefu wataalamu walishikilia kwamba visiwa hivi ni vya Enzi ya Chuma na baada yake, na kwamba vilijengwa kwa hofu ya maadui. Eilean Domhnuill, katika kisiwa cha North Uist, kilipochimbwa miaka ya 1980 na kudhihirika kuwa cha Enzi ya Mawe, kilihesabiwa kuwa cha pekee. Lakini mwaka 2012 mpiga mbizi mmoja katika kisiwa cha Lewis alikuta vyungu vya kale vimelala majini kando ya visiwa vya namna hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa baadhi ya visiwa hivyo vilitumika kati ya mwaka 3640 na 3360 K.K., yaani kabla ya mapiramidi ya Giza.

Vyungu hivyo vilikuwa vingi, vingine karibu vizima, vyenye masizi ya moto. Yaelekea vilitupwa kwa makusudi, pengine baada ya karamu au ibada. Hofu ya maadui, ambayo wanahistoria huikimbilia upesi mno kila waonapo ukuta au handaki, haitoshi kueleza jambo hilo.