Azimio la Musoma na Taaluma ya Usanifu wa Kompyuta Nchini Tanzania

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobadili mfumo wa elimu nchini. Pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, Azimio la Musoma lilielekeza kwamba anayemaliza sekondari asiingie chuo kikuu moja kwa moja: kwanza afanye kazi. Kijana wa Kiriba, sawa na wenzake kote nchini, angeifikia elimu ya juu kupitia mahali pa kazi.

Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Azimio hujadiliwa katika historia ya elimu, na marufuku katika historia ya teknolojia. Kwa taaluma ya usanifu wa kompyuta, yaani elimu ya namna prosesa, kumbukumbu na maelekezo ya mashine yanavyopangwa, mambo haya mawili hayatenganishiki.

Marufuku hayo hayakutokana na uadui dhidi ya sayansi. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa hesabu za Serikali uliotegemea kompyuta ulivurugika, wataalamu wengi walikuwa wageni, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kwa jicho la mhasibu, uamuzi ulieleweka. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kuipima kompyuta kama chombo cha ofisi pekee, ilhali nayo ni kitu cha kusomwa.

Tofauti inaonekana tukimtazama David Patterson, aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na wanafunzi wake walisanifu prosesa ya RISC, wakaipeleka kutengenezwa, kisha wakaipima wenyewe. Kazi hiyo ilimfikisha, pamoja na John Hennessy, kwenye Tuzo ya Turing ya mwaka 2017. Hiyo ndiyo elimu kwa vitendo iliyohimizwa Musoma! Mhadhiri wa Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa 1973, angeweza kuchora saketi ubaoni. Kufuata njia ya Patterson kulihitaji vifaa ambavyo sera ilivizuia.

Marufuku yalilegezwa baadaye. Tangu 2010, Berkeley hiyohiyo imeanzisha RISC-V, seti ya maelekezo ya prosesa ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni. Huko Butiama, kijijini kwa Mwalimu, sasa kipo chuo kikuu cha umma chenye neno “Teknolojia” katika jina lake, na hakihitaji kibali cha mwaka 1974 ili kumpa mwanafunzi wa Kiriba prosesa ya kusanifu.