Mwani Unaoitwa Kuvumwani: Historia ya Tufe la Kijani na Somo Lake kwa Ziwa Malawi

Insha hii inafuatilia historia ya kitu kidogo: tufe la kijani, laini kama sufi, linalouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo huko Ulaya, Asia na Marekani. Wauzaji huliita mpira wa kuvumwani, na jina hilo si sahihi. Kuvumwani ni mmea wenye vikonyo na vijani vidogo sana, ule unaoota kwenye ukuta wenye unyevu. Tufe hili ni mwani, jamaa wa ule utelezi wa kijani ambao majirani zetu Wachewa huuita ndere. Hoja yangu ni kwamba jina ambalo watu walikipa kiumbe hiki ndilo lililochangia kuamua kama kitatunzwa au kitachotwa tu. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili Dzaleka na Lilongwe tumetoka kandokando ya Ziwa Tanganyika au tunakula samaki wa Ziwa Malawi, kwa hiyo suala hili haliko mbali nasi kama linavyoonekana.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliuita mwani huu Conferva aegagropila. Neno la pili linatokana na donge la manyoya linalopatikana tumboni mwa mbuzi, na aliyewahi kuona mbuzi akichinjwa na kupasuliwa ataelewa mfano huo upesi. Leo wataalamu huuita Aegagropila linnaei. Katikati ya tufe hakuna jiwe wala mbegu. Ni nyuzi tupu za mwani zinazoota kuelekea nje pande zote, na mawimbi ndiyo yanayolibiringisha chini ya ziwa mpaka likawa duara. Hukua kwa takriban milimita 5 tu kwa mwaka. Kwa hiyo tufe la ukubwa wa chungwa linaweza kuwa na umri wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Mahali palipo na historia nzito zaidi ni Ziwa Akan, kisiwa cha Hokkaido, Japani. Waainu, wenyeji wa kisiwa hicho, walikuwa na majina yao, mojawapo likiwa na maana ya zimwi la ziwa. Jina marimo, linalotumika sasa duniani, lilitolewa mwaka 1898 na Takiya Kawakami, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi tu wa chuo cha kilimo cha Sapporo. (Nalitaja hili kwa makusudi.) Mwaka 1921 serikali iliuweka mwani huo miongoni mwa hazina za asili za taifa, lakini ulinzi wa karatasi haukutosha. Maji ya ziwa yalipunguzwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, matufe yakabaki yamekauka ufukweni, misitu ilikatwa, na wageni, baada ya kusikia kwamba ni kitu cha thamani, waliyabeba kwenda nyumbani. Ndipo watu walipoombwa wayarudishe, na mwaka 1950 likaanza tamasha ambamo Waainu huyarejesha ziwani kwa heshima. Watalii wengi hulidhani tamasha hilo ni la kale mno, kumbe babu zetu wengi walizaliwa kabla yake. Mwaka 1952 hadhi ya ulinzi ilipandishwa tena.

Kwingine hali haikuwa hivyo. Katika Ziwa Mývatn, Iceland, wavuvi walikuwa wakiyakuta nyavuni na kuyaita uchafu wa duara, kwa sababu chochote kilichoziba nyavu kwao kilikuwa uchafu. Ulinzi wa kisheria ulikuja mwaka 2006, na miaka michache baadaye makundi makubwa ya matufe hayo yalikuwa yametoweka.

Jina la dukani nalo lina historia yake. Mwezi Machi 2021, baada ya mfanyakazi wa duka moja huko Seattle kutoa taarifa, ilibainika kwamba matufe yaliyouzwa katika majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yamebeba kome wadogo wenye milia kama pundamilia. Kome hao huziba mabomba na kuvuruga maziwa wanayoingia. Matufe yalikuwa yameagizwa kutoka Ukraine. Mnunuzi alidhani ananunua pambo, wakati kumbe alikuwa akinunua kipande cha ziwa la watu wengine pamoja na wakazi wake. Wanunuzi waliagizwa wasiyatupe kwenye sinki wala mtoni, bali wayagandishe kwa saa 24 au wayachemshe kwanza.

Anayetaka kulitambua tufe halisi alibonyeze: huwa na nyuzi nyororo, halina vijani, na likikamuliwa hunukia ziwa. Mengi ya bandia ni kuvumwani halisi kilichofungwa juu ya kitufe cha plastiki. Lihifadhiwe katika maji baridi, mbali na jua kali, na lizungushwe kwa mkono mara kwa mara ili upande mmoja usigeuke kahawia. Joto likipita nyuzi 25 kwa muda mrefu, huanza kudhoofika.

Hapo ndipo Malawi inapoingia. Tangi la mbuna, samaki wa miambani ambao jina lao linatokana na Kitonga cha kandokando ya ziwa letu, huwa na joto linalofikia nyuzi 26 au zaidi. Isitoshe, mbuna wengi ni walaji wa mwani. Tufe la marimo kwao ni chakula. Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti Nkhata Bay katika miaka ya 1950, alieleza jinsi jamii mbalimbali za samaki hao zinavyogawana mwani wa kwenye mawe, kila moja kwa meno na mdomo wake. Labeotropheus, kwa mfano, ana mdomo uliowekwa chini ya pua ili akwangue jiwe huku amelilalia. Ni ajabu kidogo kwamba mfugaji wa Ulaya hununua mbuna kwa bei kubwa, kisha kila Jumamosi husugua mwani kwenye kioo na kuumwaga.

Biashara ya kuwasafirisha mbuna nje ilishika kasi katika miaka ya 1960. Ili kurahisisha uvuvi, baadhi ya samaki walitolewa sehemu za mbali za ziwa na kuachiwa kwenye kisiwa cha Thumbi West, karibu na Cape Maclear. Kisiwa hicho kiliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi mwaka 1980, na UNESCO ikaitambua hifadhi hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 1984. Samaki walioletwa bado wapo, wakiishi kwenye mawe yaleyale pamoja na wenyeji.