Msalaba wa shaba na mfuko wa posho

Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Katanga. Katika baadhi yake walikuta misalaba midogo ya shaba karibu na wafu. Haikuwa ishara ya Ukristo, maana ilitengenezwa zamani sana kabla ya mapadri kufika. Ilikuwa mali. Mababu walinunua nayo vitu, tena waliposa nayo. Shaba ile iliunganisha jamaa na jamaa, hata ikamsindikiza marehemu.

Mwaka 1906 ikaundwa kampani ya Union Minière. Kwanza wanaume walikuja kwa muda, kisha wakarudi kwao. Tangu mwaka 1928 hivi, kampani ikataka wakae kambini pamoja na wake na watoto. Ikawapa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Watoto wengi zaidi wakapona. Hayo ni maendeleo ya kweli, tusiyadharau.

Lakini pamoja na posho likaja neno hili: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Kampani ilijua namba ya mfanyakazi, haikujua ukoo wake. Na nyumbani, polepole, baba akaheshimiwa kwa ajili ya mfuko aliouleta.

Mwaka 1967 serikali ikaitwaa migodi, na kampani mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Lakini faida ililiwa na wakubwa, mitambo ikachakaa. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa fedha za mara moja, wakaaga kazi.

Je, walipoteza fedha tu? Hapana. Wengi walipoteza hata sauti yao nyumbani, maana heshima yao ilikaa katika mshahara. Akina mama ndio waliolima na kuuza sokoni, nyumba zikala.

Leo shaba inachimbwa kwa wingi kupita zamani. Kijana wa Kolwezi anatafuta kazi, na ana haki. Afanye kazi, apokee mshahara wake. Lakini heshima yake aiweke kwa jamaa yake na mbele ya Mungu, si katika daftari ya kampani. Msalaba wa shaba ulifika kaburini kwa sababu ndugu waliuweka kwa mikono yao. Posho haikufika huko.