Kofia

Fundi wa mabati akitaja kofia, anamaanisha bati lililokunjwa kufunika mgongo wa paa, pale miteremko miwili inapokutana. Wakenya wengi husema riji. Kule Lodwar, Turkana, mvua ni haba, basi mwenye nyumba huiona kofia kama pambo tu. Kumbe adui wa huko ni jua. Kofia ya chuma ya mita 6 hurefuka karibu milimita 3 joto lake likipanda nyuzi 40. Ya alumini, takriban maradufu. Ikibanwa kwa misumari bila nafasi ya kutanuka, matundu hulegea, kisha upepo humalizia. Afadhali vipande vifupi vinavyopandana, rangi nyeupe, na geji 28 kuliko 30. Kwenye geji, namba ndogo ndiyo bati nene.