Simu bado inawaka, nani kasema imekufa?

Mwenye simu ya zamani asome hii mpaka chini.

Juzi mama mkubwa alinijia macho mekundu, simu mkononi. Kioo hakina hata ufa, betri inakaa siku mbili, lakini WhatsApp imegoma. Humo ndimo zilimo sauti za mwanawe aliye kambi nyingine, mtu ambaye walitafutana miaka minne mpaka wakapatana. Nikaangalia: Android 4.4. Na WhatsApp, Oktoba 2023, iliacha kuhudumia matoleo yaliyo chini ya Android 5. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, imekufa na nini wakati bado inawaka?" Pale pale sikuwa na jibu. Nimelitafuta, nalo linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, Linux. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL: chukua bure, badilisha utakavyo, ila ukimpa mwingine, mpe na msimbo wake. Android imejengwa juu ya kiini hicho hicho, na simu yake ya kwanza, HTC Dream, iliingia sokoni 2008. Kwa hiyo ungetegemea kila simu ya Android iwe wazi, fundi yeyote aweze kuipandisha toleo. Wapi!

Tatizo ni draiva. Sisi tuliokaa kwenye chumba cha mahojiano tunajua mkalimani ni nani: akikosekana, wewe na ofisa mnatazamana tu. Draiva ni mkalimani kati ya Android na kamera, Android na kioo, Android na redio ya mtandao. Nyingi huandikwa na kampuni ya chipu, na sehemu kubwa hutolewa zikiwa zimefungwa, huwezi kusoma ndani. Android ikibadilika, mkalimani naye lazima ajifunze upya, na wa kumfundisha ni kampuni ile ile tu. Kampuni hiyo kwa miaka mingi ilikuwa imeshahamia kwenye chipu mpya inayouza. Simu nzima inabaki bubu.

Kisa kinachonigusa ni cha Fairphone, ya Amsterdam, Uholanzi. Ilianza 2010, si kama kampuni, bali kama kampeni juu ya madini ya vita huko kwetu Kongo. Mwaka 2013 ikawa kampuni na kutoa simu. Sehemu ya bati yake ilitoka mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, wilaya ya Kalehe. Wa Kivu Kusini mnapajua. (Nilipolisoma jina hilo nilisimama kwanza, nikampigia baba.) Walijitahidi kufuatilia jiwe mpaka shimoni, lakini programu ikawashinda. Chipu ya MediaTek iliyokuwamo ilibaki na Android 4.2, msimbo wa kuipandisha haukupatikana, na 2017 wakatangaza kwamba wanaacha kuihudumia. Zilikuwa zimeuzwa kama 60,000.

Simu ya pili, Fairphone 2, ilitoka mwishoni mwa 2015 ikiwa na Android 5. Qualcomm, mwenye chipu, aliishia kwenye Android 6. Safari hii hawakukubali. Walifanya kazi pamoja na watu wa LineageOS, jumuiya ya watengenezaji wa kujitolea iliyozaliwa mwisho wa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, wakaisukuma mpaka Android 7, halafu 9, halafu 10. Huduma ilikoma Machi 2023, miaka saba. Kampuni ndogo vile! Baadaye, kwa Fairphone 5 ya 2023, walichagua chipu ya Qualcomm iliyotengenezwa kwa mitambo ya viwandani, kwa sababu hiyo huhudumiwa muda mrefu zaidi. Mimi naona huo ndio ujanja mkubwa kuliko wote.

Wengine waliingilia dirishani. Tangu 2012 Rob Clark alichunguza amri ambazo draiva iliyofungwa inaipelekea chipu ya picha ya Qualcomm, akaandika draiva ya wazi, Freedreno. Mwaka 2017 ukaanza mradi wa postmarketOS, unaotaka simu iishi miaka kumi. Na sheria imeanza kusogea: tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai simu mpya zinazouzwa kwao zipate masasisho angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Mitumba inayotufikia huku bado ni ya kabla ya hapo, tusijidanganye.

Kwa mama mkubwa nilitafuta toleo la LineageOS la simu yake. Halipo, hakuna aliyeliandika. Lako linaweza kuwepo. Tafuta kwa namba kamili ya modeli, si jina la mbele tu, na ujue kwamba kufungua kufuli ya mfumo kwa kawaida kunafuta kila kitu. Nakili kwanza. Ndivyo tulivyofanya: tuliingia kwenye folda ya WhatsApp, tukahamisha sauti zote kwenye memori kadi, tukaiweka kwenye simu yangu. Alikaa hapo kibarazani akizisikiliza moja moja mpaka chaji ikaniishia.