Kijana Mwenye Dawa na Macho ya Polisi

Mtu akifa ghafula mtaani, hapa Maniema kama penginepo, matanga hayajaisha watu wanaanza kuulizana: ni nani aliyemla? Na mara nyingi macho hayaendi kwa mzee mwenye mali wala kwa jirani mwenye deni. Humwendea kijana: yule yatima anayeongea peke yake usiku, yule aliyerudi kutoka mwituni na chanjo kifuani, yule ambaye mama wa kambo amekwisha kumtaja. Tangu siku hiyo anafuatwa kila aendapo, anahesabiwa hatua zake, anasikilizwa hata akiwa usingizini. Polisi wakiitwa, wanamkuta amekwisha kuhukumiwa. Kilichobaki ni kuandika jina lake.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba jambo hili limeanza leo. Nchi yetu imemwona kijana huyu mara nyingi, kijana anayeshitakiwa kuua na papo hapo kusemwa ana nguvu ipitayo nguvu za watu. Na serikali mbalimbali zimemwekea wapelelezi, kila moja kwa namna yake. Tumeona vema kuzikusanya habari hizo, maana kuna swali moja ambalo karibu kila mara lilisahauliwa. Kijana alitumwa na nani?

Tuanzie mbali kidogo. Katika misitu ya Bafwasende, kaskazini ya kwetu, kwa Wabali, walijulikana watu walioitwa anioto, yaani watu-chui. Walivaa vazi la gome la mti lililopakwa madoa, na mikononi walishika visu vya chuma vilivyopindwa kama makucha. Walimvizia mtu aendapo shambani au mtoni, mara nyingi mwanamke, kwa sababu hana mkuki. Maiti ilikutwa imechanwachanwa, na watu wakasema: ni chui. Lakini hawakumaanisha chui tu kama yule anayekula mbuzi. Walimaanisha pia mtu awezaye kugeuka, au awezaye kumtuma mnyama kama mtu anavyotuma mbwa wake.

Basi mtumishi wa serikali ya Wabelgiji alipofika na askari wake, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuisoma maiti. Chui wa kweli hukamata kwa meno shingoni, huburuta windo lake, hula. Jeraha la kisu ni jeraha la kisu. Hapo Mzungu alijisifu kwamba ameifunua siri: hakuna uchawi, kuna mwuaji. Na kweli, mwuaji alikuwapo. Lakini akiisha kukamatwa mtu mwenye makucha ya chuma, mambo yaliishia hapo. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wengi walihukumiwa kwa ajili ya mauaji ya namna hiyo, na wengine walinyongwa.

Wale waliozichambua karatasi za serikali miaka mingi baadaye waliona jambo ambalo wakuu wa siku zile waliliona nusunusu tu. Mauaji yalifuata magomvi ya utawala. Serikali ilikuwa imewaweka machifu wake, wale wa medali, na kwa kufanya hivyo iliziondoa nyumba nyingine zilizokuwa na haki ya kale. Nyumba iliyonyimwa haikuweza kupigana na askari wenye bunduki; iliweza lakini kuvitia hofu vijiji vya yule chifu mpya, mpaka watu waseme kwamba chifu asiyeweza kuwakinga na chui si chifu. Aliyevaa gome la mti hakuwa na ugomvi na mwanamke aliyemwua. Na tena, siri ilipojulikana kwa serikali, ilipatikana njia nyingine ya kummaliza adui: kumnong'oneza mpelelezi kwamba fulani ni anioto. Hivyo mpelelezi aliyekuja kuwinda chui aligeuka, bila kujua, kuwa makucha ya mtu mwingine.

Huko Ulaya mambo haya yote hayakusimuliwa. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert alitengeneza sanamu ya mtu-chui akimwinamia mtu aliyelala, nayo ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Kutoka hapo mtu-chui aliingia katika kitabu cha picha cha Tintin, na watoto wa Wazungu wakakua wakidhani Kongo ni nchi ya watu wa namna hiyo. Jumba hilo lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu iliondolewa katika nafasi yake ya heshima na kuwekwa chumba cha kando pamoja na sanamu nyingine za aibu. Miaka zaidi ya mia moja watu walimtazama aliyevaa ngozi, wala katika sanamu ile chifu hayumo.

Sasa tukaribie nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 1944, wakati wa vita kuu, serikali ilikuwa imeongeza siku za kazi ya lazima mpaka 120 kwa mwaka, watu waende mwituni kutafuta mpira. Ndipo katika nchi ya Lubutu na Masisi akatokea Bushiri Lungundu, Mkumu, mtu wa Kitawala, aliyesema ametumwa mahali pa Yesu kuwakomboa watu weusi. Wafuasi wake waliamini kwamba risasi hazitawapata. Wazungu wengine waliuawa. Wakumu waliouawa na askari walikuwa wengi mno kuliko hao. Bushiri mwenyewe alikamatwa, akafia gerezani. Baada ya hapo Kitawala ilipigwa marufuku, na mtu aliyeshukiwa aliweza kuhamishwa mbali na kwao kwa amri ya serikali tu, bila kufikishwa mbele ya hakimu, akaishi miaka na miaka katika kambi chini ya ulinzi. Nasi wa misioni, tuseme kweli, mara nyingi tuliona shetani tu katika habari hiyo, tukasahau zile siku 120.

Lakini habari kubwa ya Kindu ni ya mwaka 1964. Wasomaji wanaujua mji: gati kando ya Lualaba, na reli ya kwenda Kongolo iliyomalizika mwaka 1911, hata kila habari ya nchi ilipita hapa kwa mashua au kwa gari la moshi. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kulisikia jina la Kindu mwaka 1961, walipouawa warukaji 13 wa Italia waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, wakidhaniwa kuwa Wabelgiji. Mwezi wa Julai 1964 wakaja Simba.

Simba ni akina nani? Wakubwa wao tunawajua kwa majina: Gaston Soumialot, Nicolas Olenga, na Christophe Gbenye aliyejiita rais huko Stanleyville. Lakini waliotembea mbele na mikuki na matawi mikononi walikuwa vijana, wengine watoto kabisa, waliokosa shule na kazi tangu uhuru wa 1960. Kabla ya vita walipelekwa kwa waganga. Walichanjwa, wakatiwa dawa katika chanjo, wakanyunyiziwa maji. Mganga aliyejulikana kuliko wote katika jeshi la Olenga alikuwa mwanamke, Mama Onema. Tangu hapo kijana aliambiwa kwamba risasi zitageuka maji, naye alipaswa kwenda mbele akiita jina la Mulele. Wazee wa upande wa Tanganyika walizijua hadithi za namna hiyo tangu Kinjikitile, aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1905; maji ni yale yale.

Dawa ilikuwa na miiko yake, na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Kijana asiguse mwanamke. Asinawe. Asitazame nyuma wala pembeni vitani. Asile chakula kilichopikwa na mwanamke mwenye mimba. Ni vigumu kijana wa miaka 15 kuishika miiko hiyo yote juma zima, achilia mbali mwezi. Basi akipigwa risasi akafa, jibu lilikuwa tayari: alitazama nyuma. Mganga hakukosea, wala mkuu aliyemtuma hakukosea. Aliyekosea ni maiti. Dawa ilifanyiwa hesabu ambayo deni lake daima linaandikwa kwa mdogo.

Tena ilifanya kazi ya pili, mbaya zaidi. Iliondoa woga, na ikaondoa pia haya. Katika miezi ile mjini Kindu waliuawa makarani, waalimu, wafanyabiashara, watu wa vyama vingine, kila aliyeitwa mwenye akili ya Kizungu. Kanisa letu halijasahau waliouawa katika nchi nzima, mapadri, mabruda, masista. Mmoja wao, Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, aliinuliwa altareni na Papa Yohane Paulo II mjini Kinshasa mwaka 1985, na siku ile ile Papa alitoa msamaha kwa aliyemwua. Hatusemi, basi, kwamba mikono ya vijana haikuwa na damu. Ilikuwa nayo. Aliyeuawa na kijana wa miaka 15 amekufa kama aliyeuawa na mtu wa miaka 40, na mjane wake analia vilevile.

Tarehe 5 Novemba 1964 askari wa serikali pamoja na mamluki wa Kizungu waliirudisha Kindu. Sasa macho yakageuka. Katika miji iliyorudishwa kijana alivuliwa shati: ana chanjo? Chanjo ilikuwa shahada ya kutosha. Lakini nani asiyejua kwamba kwetu mtoto huchanjwa kwa homa, kwa kifua, kwa maumivu ya mgongo? Aliyechanjwa na bibi yake utotoni na aliyechanjwa kwa vita walisimama mstari mmoja. Na hapo tunaliona jambo la ajabu. Askari yule aliyesema dawa ya Simba ni upuzi aliisadiki kama Simba mwenyewe, maana alimhukumu mtu kwa alama ya ngozi, wala hakuuliza ametenda nini. Soumialot na Gbenye walikwisha kuvuka mpaka na kuishi nchi za watu. Vijana hawakuwa na mahali pa kuvukia.

Miaka ya 1990 na baada yake maji yalirudi pamoja na Mayi-Mayi, na watoto wakarudi nayo mwituni. Safari hii lakini lilitokea jambo ambalo halikutokea mwaka 1964. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri kwa kosa la kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, akafungwa miaka 14. Watoto wake wa vita walikuwa wameua, kila mtu alilijua hilo. Aliyesimama kizimbani lakini alikuwa aliyewatuma.

Na yule kijana wa matangani tuliyeanza naye, asiye na mkuki wala gome la mti, ambaye silaha yake yote ni neno la jirani? Ulaya nayo ilimjua. Kati ya mwaka 1626 na 1631 mjini Würzburg, nchi ya Wadachi, walichomwa moto mamia ya watu kwa uchawi, na watoto walikuwamo. Katika nchi hiyo hiyo padre Mjesuiti, Friedrich Spee, aliyewaungamisha waliohukumiwa namna hiyo, aliandika kitabu mwaka 1631 bila kutia jina lake, akaonyesha kwamba mateso ndiyo yanayozaa wachawi: mpige mtu yeyote vya kutosha, naye atakiri, atataja wenzake, na hao wenzake watapigwa pia. Tunamtaja kwa sababu wako hata leo wahubiri wanaowafungia watoto na kuwanyima chakula mpaka wakiri kwamba wameruka usiku, kisha ungamo hilo linaletwa polisi kama ushahidi wa mauaji.

Sheria ya Kongo imelisema jambo hili waziwazi, lakini imelisema kwa Kifaransa, na matangani watu wanasema Kiswahili. Basi tunaiandika hapa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai hata kidogo, na aliyepita umri huo lakini hajafika 18 hupelekwa mbele ya mahakama ya watoto, si kwingine. Na kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema kwamba mtu akimshitaki mtoto kwa uchawi, mshitaki huyo atafungwa mwaka mmoja hata mitatu, na atalipa faini ya faranga 200,000 mpaka 1,000,000 za Kongo. Mwenye kuweza kusoma amsomee jirani yake asiyeweza, na afanye hivyo kabla ya matanga.