Dola 149 zilipofukuzana na dola 669

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel ilitoa sokoni prosesa kadhaa kwa mpigo mmoja. Juu ya orodha ilikaa Pentium II ya megahezi 450, dola 669 kwa bei ya jumla. Chini ilikuwako Celeron 300A ya megahezi 300, dola 149. Ya kwanza ilikuwa ya wenye nazo. Ya pili, ya wanaohesabu senti. Wiki chache baadaye vijana wenye bisibisi na subira walikuwa wakiichukua ile ya dola 149 na kuifikisha kwenye megahezi 450 zile zile.

Jina Celeron lilikuwa limeanza vibaya. Kompyuta za chini ya dola 1,000 zilikuwa zimeshika soko la Marekani, na prosesa za AMD na Cyrix ndizo zilizokuwa zikinufaika. Intel ikajibu mwezi Aprili mwaka huo kwa njia ya mkato: ilichukua Pentium II, ikaondoa kache yote ya nje, ikaiuza kwa megahezi 266. Kache ni kama meza ya fundi cherehani. Uzi, mkasi na sindano vikiwa mezani, kazi inakwenda. Vikiwa stoo, fundi anashinda akitembea. Celeron ya kwanza ilishinda ikitembea, na waandishi wa magazeti ya kompyuta hawakuionea huruma.

Toleo la Agosti lilisahihisha kosa hilo, tena likapitiliza. Wahandisi waliweka kache ya kilobaiti 128 ndani ya chipu yenyewe, idadi ya transista ikapanda kutoka milioni 7.5 hadi milioni 19. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikaa kwenye chipu za pembeni na kufanya kazi kwa nusu ya kasi ya prosesa. Kache ndogo ya Celeron ilikwenda sambamba na prosesa, hatua kwa hatua. Katika michezo kama Quake II, upungufu wa ukubwa ulifidiwa na wepesi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kasi ya prosesa ilikuwa zao la namba mbili: mapigo ya njia kuu ya ubao mama, na kizidishi kilichomo ndani ya chipu. Kizidishi cha 300A kilikuwa 4.5, na njia kuu ilikwenda kwa megahezi 66. Ukizidisha unapata karibu 300. Intel ilikuwa imekifunga kizidishi hicho kwa sababu ya matapeli waliokuwa wakifuta maandishi ya prosesa za bei nafuu na kuziuza kwa majina ya juu. Mlango huo ukafungwa. Ila mwaka huo huo kampuni ilikuwa imetoa chipuseti ya 440BX, iliyoruhusu njia kuu ya megahezi 100. Zidisha 4.5 kwa 100.

Waliojaribu kuipandisha njia kuu kidogo kidogo, hadi megahezi 75 au 83, mara nyingi walijuta. Kadi za ndani ya kompyuta na diski kuu zilitegemea mapigo yaliyogawanywa kutoka njia hiyo hiyo. Ziliposukumwa kupita kiasi, data iliharibika kimyakimya. Kwenye 100, BX iligawanya kwa tatu, kadi zikapata 33 zao za kawaida. Yaani kuruka mbali kulikuwa salama kuliko kusogea kidogo.

Kampuni ya Abit ya Taiwan ilielewa soko hilo mapema. Ubao wake wa BH6 ulimwezesha mtu kubadili mapigo na volti kwa kibodi tu, bila kuhangaika na jampa. Wenye mbao nyingine walifunika mguso mmoja wa prosesa, ulioitwa B21, kwa utepe au rangi ya kucha, nao ubao ukadhani umepewa prosesa ya njia kuu ya megahezi 100. (Sijui ni dada wangapi walitafuta vichupa vyao mwaka ule bila kuviona.)

Kichekesho ni kwamba aliyeongeza pesa alijiponza. Celeron ya 333 ilikuwa na kizidishi 5, kwa hiyo ilitakiwa kufika 500, na nyingi zilikwama njiani. Ile ya chini ndiyo iliyofaa. Bado haikuwa uhakika: moja ilipanda kwa volti 2.0 za kiwandani, nyingine ilidai kuongezewa kidogo na kupewa feni kubwa. Wanunuzi walikagua maandishi ya chipu wakibishana kuhusu za Kosta Rika na za Malesia kama watu wanaochagua tikiti maji sokoni.

Siri yenyewe haikuwa ya ajabu. Kiwanda kilikuwa kimeizoea teknolojia yake, na chipu nyingi ziliweza zaidi ya namba zilizobandikwa. Namba 300 ilikuwa uamuzi wa idara ya mauzo zaidi kuliko mpaka wa silikoni.

Mwaka 1999 Abit ilitoa BP6, ubao uliopokea Celeron mbili kwa pamoja. Miaka mingi baadaye Intel iliugeuza uhuru huo kuwa bidhaa: tangu 2010, prosesa zake nyingi zenye kizidishi kilicho wazi zilibeba herufi K, na bei ya juu. Mwaka 2014, kuadhimisha miaka 20 ya jina Pentium, ikatoa G3258 ya dola 72 pekee, kizidishi wazi, viini viwili. Wakongwe wa 300A walifurahi. Novemba ya mwaka huo ukatoka mchezo wa Far Cry 4, uliodai viini vinne. Kwenye G3258, hata ikisukumwa kwa kasi gani, kioo kilibaki cheusi mpaka mashabiki walipoutengenezea mchezo kiraka chao wenyewe.